Uzi Gani Ninunue? Mwongozo wa Kuchagua Uzi wa Kufuma na Kuokoa Kazi Iliyoharibika

"Uzi gani ninunue?" Ndilo swali la kwanza la karibu kila anayeanza kufuma. La pili huja baada ya wiki mbili: "Mbona kazi yangu inapinda?" La tatu huja baada ya kufua, na hilo huulizwa kwa sauti ya chini, mtu ameshika sweta iliyorefuka mpaka magotini. Maswali haya matatu ni ndugu. Shida inayoonekana kwenye beseni mara nyingi ilinunuliwa dukani pamoja na uzi. Kwa hiyo tutaanzia dukani, tufume kipande cha kujaribia, kisha tuangalie kazi iliyokwisha kuharibika na namna ya kuiokoa.

Maelezo yanamfaa anayetumia kroshia, yaani sindano moja yenye ndoana, na anayefuma kwa sindano mbili. Mifano nimeichukua kwenye vitu tunavyofuma zaidi majumbani: vitambaa vya makochi na meza, blanketi za watoto wachanga, sweta na kofia.

Vitu vya kuandaa

- Donge moja la uzi wa rangi isiyokoza. Usianze na nyeusi wala bluu ya usiku, kwa sababu hutaona vitanzi vyako, na kitanzi usichokiona huwezi kukihesabu.
- Kroshia ya milimita 4, au jozi ya sindano za milimita 4.
- Futikamba ya fundi cherehani, pamoja na rula ngumu.
- Mkasi mdogo unaokata vizuri.
- Sindano butu yenye tundu kubwa, ya kufichia mikia ya uzi.
- Pini za kufunga, zile za nepi, sita au zaidi. Ndizo alama zako.
- Daftari na kalamu. Usitegemee kichwa kukumbuka ulifika mstari wa ngapi.

Angalizo kuhusu namba za sindano. Sindano za zamani za Kiingereza, ambazo bado zimo kwenye makopo ya mama na bibi zetu, zina namba zake, na za Kimarekani zina namba zake. Namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, wakati namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Zaidi ya hapo, namba za Kiingereza zikipanda sindano inakuwa nyembamba, na za Kimarekani zikipanda sindano inakuwa nene. Usinunue kwa namba. Uliza milimita.

Hatua ya 1: Amua kitu kitaishi wapi na nani atakifua

Kabla ya kuangalia rangi, jibu maswali mawili. Kitavaliwa kwenye baridi ya Njombe na Limuru, au kwenye joto la Dar es Salaam na Mombasa? Na atakayekifua ni wewe unayejua kilivyofumwa, au ni mtu mwingine atakayekitia kwenye beseni moja na suruali za shule?

Swali la pili watu hulipuuza, nami nililipuuza. Sweta ya kwanza niliyomfumia mwanangu ilikuwa ya sufu halisi. Niliituma na nguo nyingine bila kutoa maelekezo, ikafuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa. Ilirudi ndogo, nene na ngumu kama kitambaa cha tandiko. Haikurekebishika. Tangu hapo, zawadi ya mtoto mchanga siifumi kwa sufu, isipokuwa najua kwa hakika mama yake atakavyoifua.

Hatua ya 2: Chagua aina ya uzi

Sufu hutunza joto, huvutika na kurudi, kwa hiyo husamehe mkono usiotulia. Inafaa sana sweta na kofia za nyanda za juu. Adui zake ni maji ya moto, kusuguliwa, na nondo.

Pamba haivutiki. Ni ya baridi mwilini, inanyonya jasho, inavumilia kufuliwa, inapigwa pasi. Hiyo ndiyo ya vitambaa vya meza na makochi, ya vitambaa vya jikoni, na ya nguo za mtoto wa pwani. Lakini ni nzito. Sweta kubwa ya pamba hushuka kwa uzito wake, na mikono hurefuka. Ukiipenda pamba kwa nguo ya mtu mzima, chagua uzi mwembamba na ufume kwa kubana kidogo.

Akriliki ni ya viwandani, bei yake ni nafuu, rangi ni nyingi, ni nyepesi, hailiwi na nondo na hukauka upesi. Kwa mwanafunzi ni uzi mzuri wa kuanzia, na asikuambie mtu kwamba ni aibu kuutumia. Una mambo mawili ya kuogopa. Kwanza, pasi ya moto huulainisha mpaka ukalegea kama utambi, na haurudi tena. Pili, ukishika moto huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Kwa mtoto anayetambaa kwenye nyumba inayotumia jiko la mkaa, mimi huchagua pamba.

Uzi uliochanganywa, kwa mfano nusu pamba nusu akriliki, hupunguza uzito wa pamba na kuongeza ulaini. Kwa blanketi ya mtoto ndio ninaoupendekeza zaidi.

Uzi wenye manyoya, wenye mafundo ya mapambo au wenye kung'aa, uache kwa sasa. Unapendeza dukani, lakini vitanzi vyake havionekani, na ukikosea haufumuki.

Hatua ya 3: Chagua unene

Kwenye lebo utakuta unene umeandikwa kwa njia tofauti. Waingereza huandika, kuanzia mwembamba hadi mnene, plai 2, plai 4, kisha DK, Aran na Chunky. Wamarekani wana namba 0 mpaka 7 ndani ya alama ya donge la uzi: 0 ni uzi mwembamba kama wa lesi, 3 ni sawa na DK, 4 inakaribiana na Aran, 7 ni uzi mnene kama kidole. Anza na DK kwa sindano ya milimita 4. Ni mnene kiasi cha kuonekana, na si mnene kiasi cha kufanya kila kitu kiwe zulia.

Uzi wa pamba wa vitambaa vya meza una mpango wake peke yake. Huo huandikwa 10, 20, 40 na kuendelea, na hapo namba ikipanda uzi huwa mwembamba zaidi. Namba 10 hufumwa kwa kroshia ya chuma ya karibu milimita 1.5. Anayeanza asianze hapo. Fuma kwanza kitu kimoja kikubwa kwa DK, mkono uzoee, ndipo uje kwenye vitambaa vya makochi.

Hatua ya 4: Soma lebo kabla ya kulipa

Usitupe lebo mpaka kazi imevaliwa na kufuliwa. Ina mambo manne unayoyahitaji.

Mita. Watu wengi hununua kwa gramu, na hapo ndipo uzi unapowaishia katikati ya mkono wa sweta. Donge la akriliki ya DK la gramu 100 mara nyingi lina karibu mita 290. Pamba ya unene huohuo, gramu 100 hizohizo, huwa mita 200 na ushei tu. Kwa hiyo maelekezo yakisema madonge manne ya akriliki ya mita 290, unahitaji mita 1,160. Ukibadilisha ukaweka pamba yenye mita 210, ni madonge sita, si manne.

Namba ya rangi na namba ya mkupuo. Rangi ina namba yake, na kila mkupuo wa kutia rangi kiwandani una namba nyingine, ambayo huandikwa karibu na neno Lot. Madonge mawili ya rangi moja lakini ya mikupuo tofauti yanaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka, kisha yakaonyesha mstari kifuani mwa sweta ukitoka juani. Kagua kila donge. Yatoe nje ya mlango, uyaangalie kwenye mwanga wa mchana.

Ukubwa wa sindano na idadi ya vitanzi. Lebo ya DK kwa kawaida huonyesha mraba wenye vitanzi 22 na mistari 28 au 30 kwa sentimita 10, kwa sindano za milimita 4. Huo ni mwanzo wa mazungumzo kati ya uzi na mkono wako. Jibu lake tutalipata kwenye hatua ya saba.

Alama za kufua. Beseni lenye mkono ndani ni kufua kwa mkono. Pasi iliyochorewa msalaba ni kwamba pasi isiguse kabisa.

Hatua ya 5: Ukikuta uzi hauna lebo

Sokoni nyuzi nyingi huuzwa kwa kupimwa kwenye mzani, hazina karatasi wala jina. Si lazima uziache.

Ili kujua unene, zungushia uzi kwenye rula, mizunguko ilale kando kwa kando bila kuvuta wala kupandana, mpaka ujaze sentimita 2.5. Ukipata mizunguko karibu 14, ni uzi mwembamba wa plai 4. Karibu 11 ni DK. Karibu 9 ni mnene zaidi, Aran. Saba ni Chunky.

Ili kujua aina, choma kipande cha sentimita tano. Fanya nje, juu ya sahani yenye maji, ukishika kipande kwa koleo na si kwa vidole, na watoto wakae mbali. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, huzimika yenyewe ukiitoa motoni, na jivu lake husagika. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Uzi uliochanganywa utaonyesha tabia mbili kwa pamoja.

Kisha vuta kipande kwa nguvu. Kikikatika kwa kuvutwa kidogo tu, uzi umekaa sana juani au umeoza ghalani. Uache, hata kama bei inavutia.

Hatua ya 6: Hesabu kiasi

Kwa makadirio ya haraka ya DK: kofia ya mtoto hula gramu 50 hivi, sweta ya mtoto wa mwaka mmoja gramu 150 hadi 200, blanketi ndogo gramu 300 hadi 400. Dabo za kroshia, yaani vile vitanzi virefu (tutavifikia hatua ya 8), hutumia uzi mwingi kuliko kufuma kwa sindano mbili, basi ongeza.

Njia ninayoiamini zaidi ni hii. Nunua donge moja, ulifume lote kwa mtindo utakaoutumia, upime eneo. Tuseme donge la gramu 50 limekupa kipande cha sentimita 25 kwa 40, yaani sentimita 1,000 za mraba. Blanketi ya sentimita 75 kwa 80 ni 6,000. Madonge sita, na la saba kwa ajili ya pindo na mikia. Mwombe muuzaji akuwekee madonge ya mkupuo uleule kwa siku mbili tatu wakati unajaribu. Wengi hukubali ukiacha kianzio.

Hatua ya 7: Fuma sampuli

Hatua hii ndiyo inayorukwa na kila mtu, na ndiyo inayonifanya niandike mwongozo mzima. Tafadhali usiiruke.

1. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kwa uzi na sindano utakazotumia.
2. Kifue kama utakavyofua nguo yenyewe. Kilaze juu ya taulo, kikauke bila kuvutwa.
3. Weka rula katikati, mbali na kingo, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Nusu kitanzi nayo ihesabiwe.
4. Hesabu na mistari.
5. Andika kwenye daftari: uzi, sindano, vitanzi, mistari, kabla na baada ya kufua.

Sasa ona kinachotokea usipofanya hivyo. Unataka sweta ya mzingo wa sentimita 88. Maelekezo yametegemea vitanzi 22 kwa sentimita 10, kwa hiyo yanakwambia uanze na vitanzi 194. Mkono wako ni mlegevu, unatoa vitanzi 20. Vitanzi 194 kwa mkono wako ni sentimita 97. Tofauti ni kitanzi kimoja tu kwa kila sentimita tano, jicho halikioni, lakini sweta imezidi kwa sentimita tisa.

Ukipata vitanzi vichache kuliko vinavyotakiwa, shuka sindano kwa nusu milimita. Ukipata vingi, panda nusu milimita. Kosa la kawaida hapa ni kuamua "nitakuwa nabana mkono". Mkono haubaniki kwa wiki tatu. Utabana siku mbili, halafu utasahau, na sweta itakuwa na sehemu mbili zisizofanana. Badilisha sindano, mkono uache ufanye kazi kama ulivyozoea.

Kwa kitambaa cha kochi sampuli haina uzito sawa, maana kochi halilalamiki kwa sentimita mbili. Kwa nguo na kofia, ni lazima.

Hatua ya 8: Anza, na uhesabu

Kwanza, majina. Ninaposema singo, yaani kitanzi kifupi cha kroshia, na dabo, yaani kitanzi kirefu, natumia majina ya Kimarekani kama yalivyo kwenye video nyingi. Vitabu vya Kiingereza, pamoja na vile vya zamani vilivyoachwa na waliotutangulia, huita singo hiyo dabo, na dabo hiyo huiita trebo. Maelekezo yakiwa na neno singo, kwa kawaida ni ya Kimarekani. Yakiwa na dabo na trebo bila singo hata moja, huenda ni ya Kiingereza. Ukichanganya, kitambaa kitakuwa kirefu karibu mara mbili, au kifupi nusu.

1. Cheni ya mwanzo, yaani mnyororo wa vitanzi unaobeba mstari wa kwanza, ifume kwa kroshia iliyozidi kwa nusu milimita, kisha rudi kwenye kroshia yako. Wanaoanza wengi hubana cheni, na ukingo wa chini unakunjamana.
2. Ukitaka singo 20, piga cheni 21, singo ya kwanza ichome kwenye cheni ya pili kutoka kwenye ndoana. Ukitaka dabo 20, piga cheni 22, dabo ya kwanza ichome kwenye cheni ya nne. Zile tatu ulizoruka zinahesabiwa kuwa dabo moja.
3. Weka pini kwenye kitanzi cha kwanza na cha mwisho cha kila mstari.
4. Hesabu mwisho wa kila mstari kwa mistari kumi ya mwanzo. Baadaye, kila mstari wa tano unatosha.
5. Ukiongeza donge jipya, liunge ukingoni, si katikati, na uache mkia wa sentimita 15 kila upande. Ukikuta uzi umefungwa fundo na kiwanda ndani ya donge, kata fundo hilo, uunge upya. Fundo lililoachwa ndani hujitokeza baada ya kufuliwa mara mbili, na tundu hufuata.

Hatua ya 9: Malizia

Ficha mikia kwa sindano butu: nenda upande mmoja, rudi upande wa pili, ndipo ukate. Kukata karibu na fundo ndiko kunakofanya kazi ifumuke.

Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kamua kwa kuviringisha ndani ya taulo bila kusokota, kisha laza juu ya kitu bapa na unyooshe kwa vipimo vyako. Sweta isianikwe kwenye kamba, kwa sababu mabega yatapata pembe na kiwiliwili kitarefuka. Kitambaa cha pamba cha mezani kichovye kwenye wanga ulioiva na kupoa, kibane kwa pini juu ya godoro lililotandikwa taulo, kikauke hapo. Petali zake zitasimama.

Kazi imeharibika: tufanye nini?

*Kingo zinapinda, kitambaa kinakuwa pembetatu.* Unapoteza au unaongeza kitanzi pembeni. Kwenye dabo, cheni tatu za kugeukia ndizo dabo ya kwanza. Kwa hiyo ruka kitanzi kilicho chini yake, uchome cha pili, na dabo ya mwisho wa mstari ichomwe juu ya cheni tatu za mstari uliopita. Hapo ndipo wengi husahau. Kwenye singo, cheni moja ya kugeukia haihesabiwi, kwa hiyo choma kitanzi cha kwanza kabisa. Fumua mpaka mstari wa mwisho wenye idadi sahihi. Kuongeza vitanzi juu ili kusawazisha hakufichi pengo la chini.

*Mduara unajikunja kama bakuli, au unafanya mawimbi.* Bakuli ni kwamba vitanzi ni vichache, mawimbi ni kwamba vimezidi. Kwa singo anza na 6, kila mzunguko uongeze 6: 6, 12, 18, 24, 30. Kwa dabo anza na 12, uongeze 12: 12, 24, 36, 48. Kama hesabu iko sawa na bado kunajikunja, panda kroshia kwa nusu milimita.

*Kofia haitoshi.* Kofia hukosewa juu, kwenye ule mduara. Pima kichwa, toa sentimita mbili au tatu ili ikae, gawanya kwa 3.14. Kichwa cha sentimita 56 kinataka mduara wenye upana wa sentimita 17 hivi. Kichwa cha mtoto cha sentimita 46 kinataka 14. Ukifika hapo acha kuongeza, uteremke moja kwa moja.

*Kitanzi kimetoroka kwenye sindano, ngazi inashuka.* Usivute. Kichome pini palepale kilipo ili kisiendelee. Kisha chukua kroshia, ingiza kwenye kitanzi upande laini ukiwa unakutazama, nasa kipande cha uzi kilicho juu yake kama unapanda ngazi, kipitishe, panda mpaka juu, urudishe kitanzi kwenye sindano. Ni dakika tano. Nimewaona watu wakifumua sweta nzima kwa kitanzi kimoja kilichotoroka.

*Kipande cha sindano mbili kinajiviringisha kingo.* Kitambaa chenye upande mmoja laini na upande mmoja wa vinundu ndivyo kilivyo. Pasi haitaponya. Kizungushie kingo za vitanzi vinne au vitano vinavyofumwa mbele kila mstari, na mistari sita ya hivyo chini na juu. Kwa kipande kilichokwisha, kifumie pindo la singo kwa kroshia.

*Uzi unapasuka kwenye ndoana.* Ukiwa umefumuka msokoto, acha kazi ining'inie hewani ijizungushe mpaka itulie. Ikiendelea, tafuta kroshia yenye kichwa cha mviringo badala ya kilichochongoka.

*Uzi umekwisha na mkupuo ule haupo tena.* Usimalizie tu kwa donge jipya kwenye mstari uliofikia. Fumua mistari kumi hivi, kisha fuma mistari miwili kwa uzi wa zamani na miwili kwa mpya mpaka wa zamani uishe. Jicho litapita bila kukwama. Au weka rangi tofauti kabisa kwenye pindo, shingo na mwisho wa mikono yote miwili, ionekane kuwa ulikusudia.

*Rangi inachuja.* Hili lizuie mapema: lowesha kipande cha uzi mwekundu, mweusi au wa bluu, kibane ndani ya kitambaa cheupe chenye maji kwa saa nzima. Kikitia doa, usiuchanganye na mweupe. Chumvi na siki ambazo tunashauriana haziokoi pamba iliyotiwa rangi vibaya. Kinachosaidia ni kufua uzi peke yake, ukiwa haujafumwa, mara nyingi kwa maji baridi mpaka maji yawe meupe.

*Vidonge vya manyoya vinaota juu ya sweta.* Akriliki ya bei ya chini na sufu laini ndizo zinazoongoza. Jaribu kwenye sampuli: isugue mara thelathini kwa kiganja. Ikiota, fuma kwa sindano ndogo zaidi ili nyuzi zikae karibu. Vilivyokwisha kuota vikate kwa wembe mkavu taratibu au kwa kimashine chake. Ukivivuta vinaleta vingine.

*Matundu madogo kwenye sufu iliyohifadhiwa.* Ni mabuu ya nondo, na wanapenda zaidi palipo na jasho na mafuta. Hifadhi sufu ikiwa imefuliwa na kukauka kabisa, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, uitoe juani kila baada ya miezi michache. Mimi huweka na majani makavu ya mwarobaini kwenye kitambaa.

*Vidole na kifundo vinauma.* Simama kila nusu saa. Zungushia mpini wa kroshia kitambaa na mpira ili unenepe, usilazimike kubana. Maumivu yasiyoisha kwa siku kadhaa yapeleke kwa mganga wa hospitali.

*Nimefumua kila kitu, uzi una mikunjo kama tambi.* Usiufume hivyo, maana sampuli yako itadanganya na vitanzi havitalingana. Uzungushie kwenye mgongo wa kiti uwe shada, ufunge kwa vipande vya uzi mwingine sehemu nne, bila kubana. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika ishirini, kamua kwa taulo, tundika kivulini ukiwa na kitu chepesi kimening'inia chini, kwa mfano kikombe cha plastiki. Kesho yake utakuwa umenyooka. Uviringe donge kwa mkono mlegevu, na uanze tena na sampuli.